Mizani ya Pamba na Bomba la Moshi

Mwezi Juni ni mwezi wa ngoma Bujora. Baada ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, Bagika na Bagalu hukutana kushindana katika Bulabo, na vumbi la uwanjani hupanda hadi kwenye majabali. Mwaka mmoja nilikuwa hapo na wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Tulikuwa tumekwisha kuzunguka makumbusho ya Wasukuma, tumeona banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, ngoma za kale na nyumba ya wahunzi. Tukapanda mwambani kupumzika. Kwa mbali, kando ya barabara kuu, lilionekana bomba la kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Moshi wake ulikuwa umejilaza juu ya mapaa ya bati, haupandi wala hautawanyiki.

Binti mmoja, mzaliwa wa Magu, akaniuliza: “Mwalimu, ule moshi unapimwa na nani?”

Nilimjibu kwa haraka ya mtu asiyetaka kukiri kwamba hajui. Nikasema sheria ipo. Akanitazama, kisha akasema: “Samahani, Mwalimu, sheria tulishaisoma. Mimi naulizia kipimo. Kinaandikwa wapi, na nani anakisoma?”

Wiki iliyofuata tulikwenda kuuliza. Kiwandani tuliambiwa kwamba taarifa za namna hiyo hukaa makao makuu. Ofisi ya umma tuliyoelekezwa ilitutaka tuandike barua. Tuliandika. Jibu halikuja. Siandiki makala haya ili kuililia barua ile, wala sitakitaja kiwanda hicho au ofisi hiyo, kwa sababu ninaamini kwamba tungepata majibu ya aina hiyo hiyo kwingine. Ninaandika kwa kuwa swali la binti yule ni swali la historia. Mwambao huu wa ziwa umepimwa kuliko sehemu nyingi za nchi yetu. Pamba yake imepimwa, samaki wake wamepimwa, hata damu ya watu wake imepimwa. Yatupasa kuuliza kwa nini hewa yake imebaki nyuma, na historia ya vipimo vingine inatufundisha nini.

Mizani ya mnunuzi

Babu yangu alilima pamba maisha yake yote. Kisa alichopenda kukirudia kuliko vyote kilihusu mizani, wala si mvua au wadudu. Katika miaka ya mwisho ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa Usukuma alibeba pamba yake hadi kituo cha ununuzi, akaiweka juu ya mizani ambayo si yake, ikasomwa na mtu ambaye si wake, akapewa fedha kwa hesabu asiyoweza kuihakiki. Manung'uniko kwamba ratili zilikuwa zikipotea njiani kati ya sahani ya mizani na daftari la mnunuzi yalienea kote katika Jimbo la Ziwa.

Wakulima hawakuridhika kunung'unika tu. Waliweka wapimaji wao wenyewe. Mtu alipima pamba yake kwanza katika mizani ya wakulima, ndipo akaenda nayo kwa mnunuzi akiwa anajua uzito wake. Kutokana na vuguvugu hilo vilizaliwa vyama vya msingi vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo wengi hulikumbuka kwa kifupisho chake cha Kiingereza, VFCU. Jina la Paul Bomani haliwezi kutenganishwa nalo. Katika muda mfupi shirikisho hilo likawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vilivyomilikiwa na Waafrika, na likafikia hatua ya kuwa na viwanda vyake vya kuchambua pamba.

Wanahistoria wa siasa wameieleza habari hii kama sura ya harakati za uhuru, nao hawakukosea. Mimi ninaisoma pia kama historia ya kipimo. Mkulima wa Usukuma hakudai kwanza bei. Alidai kuona mshale wa mizani. Babu alikuwa akisema: mtu akikupimia mali yako huku amekupa mgongo, usimwite mwizi, mwambie ageuke.

Sheria iliyoishia getini

Wakati huohuo watawala wetu wa siku hizo walikuwa na uzoefu wa karibu miaka mia moja wa kupima moshi, ila walikuwa nao kwao. Mwaka 1863 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Alkali dhidi ya viwanda vya magadi, ambavyo gesi yake ya asidi iliunguza mazao na miti ya majirani. Sheria ile haikutumia maneno matupu kama “moshi usizidi kiasi”. Iliwataka wenye viwanda wanase asilimia 95 ya gesi ile kabla haijatoka. Aliteuliwa mkaguzi mkuu, mkemia Robert Angus Smith, naye alitoa ripoti za mwaka ambazo wabunge na wananchi waliweza kuzisoma. Huyu ndiye aliyelipa jina jambo tunaloliita mvua ya asidi. Kiwango cha tarakimu, mkaguzi mwenye ujuzi, ripoti ya wazi: mihimili hii mitatu ya usimamizi wa hewa ilikuwa imekwisha kusimama kabla mkoloni hajafika Mwanza.

Desemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku kadhaa, ukaua maelfu ya watu. Mwaka 1956 ikapitishwa Sheria ya Hewa Safi. Huo ulikuwa mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa VFCU. Lakini sheria ya aina hiyo haikuvuka bahari kuja Tanganyika. Kilichovuka ni vitu viwili. Cha kwanza ni Kanuni ya Adhabu ya 1945, iliyolifanya kosa la jinai tendo la kuichafua hewa kwa makusudi kiasi cha kudhuru afya ya watu wa jirani. Hiyo ni adhabu bila kipimo, na kosa lisilo na kipimo ni gumu kulithibitisha mbele ya hakimu. Cha pili ni Sheria ya Viwanda ya 1950, iliyohusu mitambo, boila, mwangaza, vumbi na mafusho ndani ya kuta za kiwanda. Ilimjali mfanyakazi, nalo ni jambo jema, ila ilikoma getini. Moshi ukishatoka nje ya bomba ulikuwa hauna mwenyewe.

Ili tuelewe maana ya jambo hilo kwa mji wa pamba kama Mwanza, ni vizuri kukumbuka mafuta ya kula yanavyopatikana. Mbegu hutoka kwenye kiwanda cha kuchambua pamba zikiwa bado na nyuzi fupi. Husafishwa, nyuzi huondolewa, mbegu hupasuliwa, maganda hutengwa na kiini hupikwa kwa mvuke, kisha hukamuliwa. Mashudu huenda kwa ng'ombe, mafuta huenda kusafishwa. Kila hatua ina hewa yake. Kusafisha na kuondoa nyuzi hutoa vumbi jepesi la pamba, ambalo wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Lancashire walilijua kwa kifua kilichobana kila Jumatatu waliporudi kazini. Boila huchoma maganda, kuni au makapi ya mpunga, na hutoa masizi na chembechembe zisizoonekana. Pale ambapo kiwanda hakikamui kwa mashine tu, bali hulowesha mbegu au mashudu kwa kimiminika kiitwacho heksani ili kutoa mafuta yaliyobaki, sehemu ya kimiminika hicho hupotelea angani. Heksani hushika moto kwa urahisi, na mtu anayeivuta kwa muda mrefu huharibika mishipa ya fahamu.

Baada ya Azimio la Arusha viwanda vikuu vilikuwa mikononi mwa vyama vya ushirika na mashirika ya umma. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982. Katika miaka yote hiyo mwenye bomba na mwenye sheria walikuwa ndugu wa nyumba moja. Ni vigumu mtu kujipima mwenyewe na kujitangaza. Mwaka 1983 Bunge liliunda Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lakini Baraza la siku zile lilikuwa la kushauri. Halikuwa na nguvu ya kumfungia mtu bomba. Na mwaka 1994, biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, wachambuaji wapya walianza kazi huku nchi ikiwa bado haina viwango vya hewa.

Pua za watu wa Tabata

Kesi ya kwanza kubwa ya hewa katika nchi yetu haikufunguliwa na wataalamu. Ilifunguliwa na wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliochoshwa na moshi na uvundo wa dampo la jiji. Katika shauri la Joseph D. Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1988 kwamba jiji likome kutupa taka pale. Jiji liliomba muda, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda, akaeleza kwamba kuwaweka watu katika hewa iliyochafuliwa ni kuuhatarisha uhai wao, kinyume na ibara ya 14 ya Katiba inayolinda haki ya kuishi.

Wanafunzi wangu wa sheria huishangilia hukumu hiyo, nami huishangilia pamoja nao. Lakini huwaomba watazame ushahidi wake. Watu wa Tabata walileta vikohozi vyao, nzi wao na pua zao. Walishinda kwa sababu ubaya ule ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hapakuwa na haja ya chombo cha kupimia. Je, anayeishi jirani na bomba ambalo moshi wake ni mwembamba, hauna harufu kali, ila haukomi usiku na mchana kwa miaka 20, atapeleka nini mahakamani? Pua humtetea anayeonewa waziwazi. Anayeonewa polepole huhitaji tarakimu.

Samaki wenye mnunuzi

Turudi ziwani. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya sangara vilijipanga kwenye mwambao wa Mwanza, na soko lao kubwa likawa Ulaya. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulilifunga soko hilo mara tatu: kwanza kwa hofu ya bakteria wa salmonela, pili kwa sababu ya kipindupindu, na tatu, mwaka 1999, kwa sababu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Wafanyakazi walirudishwa nyumbani, wavuvi wakakosa mnunuzi.

Yaliyofuata ni funzo kwa kila anayesema kwamba nchi maskini haiwezi kupima. Mialo iliboreshwa. Wakaguzi walifunzwa. Viwanda vilianza kuweka kumbukumbu za joto, usafi na asili ya kila shehena. Nyegezi ina maabara ya taifa ya kudhibiti ubora wa samaki, na vipimo vyake ndivyo vinavyomthibitishia mnunuzi wa ng'ambo kwamba minofu ni salama. Yote haya yalifanyika kwa miaka michache, kwa uwezo wetu uleule, katika mkoa uleule. Tofauti ilikuwa moja: mnunuzi alisema bila kipimo hanunui.

Hapo ndipo kilipo kiini cha hoja yangu. Pamba ilipimwa kwa kuwa ilikuwa na mnunuzi. Samaki walipimwa kwa kuwa walikuwa na mnunuzi. Mafuta ya kula hupimwa na Shirika la Viwango kwa kuwa yana mlaji anayelipa. Hata sisi watu wa Kisesa tumepimwa: tangu mwaka 1994 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imekuwa ikifuatilia vizazi, vifo na maambukizi ya VVU katika kata yetu, nyumba kwa nyumba, na kazi hiyo imeisaidia dunia kuuelewa ugonjwa huo. Sijawahi kuona tarakimu moja ya hewa ya Kisesa imebandikwa ukutani mwa zahanati, shule wala ofisi ya kata. Hewa haina mnunuzi. Ina mvutaji tu, naye haulizwi kama ataendelea kuivuta.

Sheria tuliyo nayo

Siyo kwamba tumelala. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ni sheria nzuri. Kifungu chake cha 4 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye kulinda afya. Iliipa NEMC meno ya kukagua na kuchukua hatua. Iliagiza kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira, na iliteremsha kamati za mazingira hadi vijijini. Kanuni za tathmini na ukaguzi wa mazingira za 2005 zilifuata, na mwaka 2007 zikaja Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa. Kwa mara ya kwanza dioksidi ya salfa, monoksidi ya kaboni, chembechembe, risasi na wenzao viliwekewa mipaka kwa tarakimu. Mwenye kiwanda anayetoa hewa chafu alitakiwa kuomba kibali, kuzingatia viwango na kuweka kumbukumbu. Kwa maandishi tumeufikia mwaka 1863, na kuupita.

Tatizo ni mwendo wa taarifa. Kiwanda hupima, au humkodi mshauri apime, kisha ripoti hupanda juu. Haishuki. Mtendaji wa kata haioni. Mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani na ukuta wa kiwanda haioni. Sheria ya 2004 inatambua uhuru wa wananchi kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa mamlaka za umma, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi iliyoombwa ijibu ndani ya siku 30. Lakini haki inayomngoja mtu aandike barua kwa kila bomba ni haki ya wenye muda na nauli. Tumerudi kituoni kwa mnunuzi wa pamba: mizani ipo, inafanya kazi, ila imetupa mgongo.

Wengine walivyogeuza mizani

Desemba 1984 gesi ya sumu ilivuja katika kiwanda cha dawa za wadudu huko Bhopal, India, ikaua maelfu ya majirani ambao hawakujua hata kilichokuwa kikihifadhiwa ng'ambo ya ukuta. Miaka miwili baadaye Marekani ilipitisha sheria ya kuwalazimisha wenye viwanda watangaze kila mwaka ni kiasi gani cha kemikali zilizoorodheshwa wamekitoa hewani, majini na ardhini. Viwanda vya vyakula havikuachwa nje, na heksani iliingizwa katika orodha hiyo katika miaka ya 1990. Sheria ile haikupunguza kiwango chochote. Iliamuru tu kwamba tarakimu zisomwe na jirani.

Kwa viwanda vya mafuta ya kula nchi hiyo ilikwenda mbali zaidi mwaka 2001, kwa kanuni mahususi zinazohusu mafuta ya mbegu za pamba, alizeti, karanga, soya na nyinginezo. Ninazipenda kanuni hizo kwa sababu ya urahisi wake. Badala ya kutegemea chombo cha gharama juu ya kila bomba, zinamtaka mwenye kiwanda aweke daftari: heksani aliyokuwa nayo mwanzoni mwa mwezi, aliyonunua, iliyobaki, na tani za mbegu alizosindika. Heksani ambayo haipo tena ghalani imepotea, na sehemu kubwa imepotelea hewani. Gawa upotevu huo kwa tani za mbegu, jumlisha miezi 12, ulinganishe na kikomo kilichowekwa kwa aina ile ya mbegu. Hiyo ni hesabu ambayo karani yeyote wa chama cha msingi cha ushirika angeiweza.

Kwa moshi wa boila kuna njia kongwe zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 Mfaransa Maximilien Ringelmann alitengeneza kadi yenye vivuli, kutoka nyeupe hadi nyeusi kabisa. Msimamaji huiinua, hulinganisha weusi wa moshi na kivuli cha kadi, huandika namba na saa. Kadi hiyo haioni gesi wala chembechembe ndogo mno, na mtu asidanganyike kwamba inatosha. Lakini inabadilisha kauli. “Moshi ni mwingi” inakuwa “moshi ulikuwa wa kivuli cha nne kwa dakika arobaini, saa moja asubuhi, watoto wakiwa mstarini”. Kauli ya kwanza ni lalamiko. Ya pili ni kumbukumbu.

Hoja za upande wa pili

Nimezungumza haya mbele ya watu wa viwanda, nao wana hoja zinazostahili heshima. Wanasema nchi yetu kwa muda mrefu imeagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje, na kila sharti jipya ni mzigo kwa mkamuaji wa ndani. Wanasema wakulima wa Magu na Misungwi wanahitaji mtu wa kununua mbegu. Ni kweli. Ndiyo maana nimeanza na daftari na kadi, wala sikuanza na mitambo ya mamilioni.

Wengine husema moshi unaoua zaidi ni wa jikoni. Nayo ni kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Mama anayepikia kuni Bujora anavuta moshi wa karibu kuliko wa bomba lolote. Lakini tofauti ya haki ipo. Mama yule anavuta moshi wa ugali wake mwenyewe kwa kukosa njia nyingine. Moshi wa kiwanda anauvuta kwa ajili ya faida ya mwingine, na hajaulizwa. Zaidi ya hayo, asiyejua kiasi cha kila moshi hawezi kusema upi upunguzwe kwanza. Shirika hilohilo, mwaka 2021, lilishusha pendekezo lake la wastani wa mwaka wa chembechembe ndogo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Sisi tusiojua tarakimu yetu hatuwezi hata kusema tumeachwa nyuma kiasi gani.

Kuna hoja ya tatu ambayo sikuitarajia, nayo inatoka ziwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia katika Ziwa Victoria huja kutoka angani, kwa mvua na kwa vumbi. Fosforasi hulisha mwani, mwani ukizidi na kuoza hula hewa ya majini, na samaki hukosa pa kupumulia. Uchomaji wa mimea na vumbi la mashamba ndivyo vinavyotajwa kwanza, kwa hiyo nisimbebeshe mwenye kiwanda mzigo wa wote. Ila maana yake ni nzito: kinachopanda kutoka nchi kavu hushuka ziwani, juu ya samaki wale wale tunaowapima kwa uangalifu mkubwa Nyegezi. Tulidhani hewa haina mnunuzi, kumbe mnunuzi wa samaki anainunua pia bila kujua.

Ageuke

Naomba nimalize na makundi matatu ninayojua kwamba husoma kurasa hizi.

Ndugu zangu watumishi wa umma: hamhitaji sheria mpya. Ripoti za hewa mnazopokea kutoka viwandani ni kumbukumbu za umma. Bandikeni ukurasa mmoja wa muhtasari, kwa Kiswahili, katika ofisi ya kata ambako kiwanda kipo: jina la kiwanda, kilichopimwa, tarehe, kiwango cha kisheria, matokeo. Ikiwa kuna siri halisi ya biashara, ifunikeni hiyo peke yake. Uzito wa moshi si siri ya biashara, kwa kuwa umekwisha kuingia katika vifua vya watu. Na kwa viwanda vinavyotumia heksani, ulizeni daftari la manunuzi kabla hamjauliza kitu kingine.

Wanaharakati: msianze na mabango. Anzeni na miezi sita ya kumbukumbu zilizoandikwa kila siku, saa ileile, na mtu yuleyule aliyefunzwa. Iombeni ofisi husika taarifa kwa maandishi, mhesabu siku 30, mtunze nakala. Kamati za mazingira za vijiji na mitaa zipo kisheria, ingieni humo. Wakulima wa Usukuma hawakuivunja mizani ya mnunuzi. Waliweka ya kwao pembeni, na tofauti ya tarakimu ikasema yenyewe.

Wanafunzi: mna simu, mna hesabu, mna miguu. Na mna historia ambayo wengi wenu mnaipita mkienda kutazama ngoma. Makumbusho ya Bujora yametunza viti vya watemi na vyuma vya wahunzi kwa sababu Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na wazee wa Kisukuma alioshirikiana nao tangu miaka ya 1950, waliona kwamba kisichoandikwa wala kutunzwa hupotea hata kama kila mtu alikiona. Moshi nao ni hivyo. Kila asubuhi tunauona, na jioni hakuna ushahidi kwamba ulikuwapo.

Binti yule wa Magu amekwisha kuhitimu, na sasa ni mtumishi wa halmashauri katika mkoa mwingine. Mwaka jana alinipigia simu kunijulia hali. Katikati ya mazungumzo akaniuliza kama barua yetu ilijibiwa. Nikamwambia bado. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ofisini kwake kuna kabati lenye ripoti za namna ile, na kwamba yeye ndiye anayetunza ufunguo.

“Sasa nifanye nini, Mwalimu?”

Nilimsimulia habari ya babu yangu na mizani.